Kwa wanaoanza kazi katika maabara ya mifugo: saratani ya damu ya kuku na ya binadamu

Ninyi mnaokuja Malindi kujifunza kazi ya maabara ya mifugo, nawaomba msitamke "saratani ya damu" mbele ya mfugaji kabla hamjajua ugonjwa wa kuku unakutana wapi na wa binadamu na unaachana wapi. Mimi niliharakisha. Mama mmoja wa Ganda alileta kuku wa mayai waliokonda, vilemba vimepauka. Nilipompasua mmoja nikakuta ini limevimba hadi kujaza tumbo, nikasema ni ugonjwa ule ule wa watu. Akaniuliza, "Mwanangu, na wajukuu wangu waliokula mayai yao?" Nikababaika, naye akaenda kuwachinja na kuwafukia kuku wote, wagonjwa kwa wazima.

Kufanana kupo, tena kwa ndani. Kwa kuku na kwa mtu, chembe moja ya ukoo wa damu huasi, ikazaana bila kukoma. Mwaka 1908 Ellermann na Bang, Wadenmark, walichuja majimaji ya kuku wenye leukemia, yaani saratani ya damu, hadi yasibaki na chembe hata moja, wakawadunga kuku wazima, nao wakaugua. Kisababishi kilikuwa kirusi, ingawa wakati huo leukemia haikuhesabiwa kuwa saratani. Baadaye ilibainika kwamba kirusi cha lukosi, ndiyo hiyo saratani ya damu ya kuku, hujipachika jirani na jeni iitwayo myc na kuiamsha, na jeni hiyo hiyo huamka, kwa njia nyingine, katika uvimbe wa Burkitt unaowapata watoto, ambao ni ndugu wa leukemia.

Tofauti ndiyo iliyonishinda kumweleza yule mama. Leukemia nyingi za binadamu haziambukizwi. HTLV-1, kirusi cha leukemia ya binadamu kilichotangazwa mwaka 1980, ni cha pekee: mama humpitishia mtoto kwa maziwa, kama kuku anavyompitishia kifaranga chake kirusi cha lukosi ndani ya yai. Hata hivyo haijathibitishwa kwamba kirusi cha kuku humpa mtu leukemia, na hilo ndilo jibu ambalo ningempa kwanza.

Mezani, msikimbilie ini peke yake, kwa sababu Marek, ugonjwa mwingine wa kuku, nao huliotesha uvimbe. Ulizeni umri: lukosi kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki 14 hivi, ilhali Marek huweza kuwahi zaidi. Tazameni mishipa ya fahamu ya mapaja, ambayo Marek huinenepesha hadi kuku akalala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Kisha pasueni bursa, kifuko kilicho juu ya tundu la haja, ambamo lukosi huanzia.

Wala msipeleke damu ya kuku kwenye mashine ya kuhesabia damu ya watu. Chembe nyekundu za kuku zina kiini, mashine huzidhania nyeupe, na kuku mzima kabisa huonekana ana leukemia. Hesabuni kwa hadubini.