Maswali ya Wasomaji: Kuzuru Husuni Kubwa

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Lindi mjini. Ninataka kuwapeleka wanafunzi wangu Kilwa Kisiwani wakayaone makazi ya kale. Tuanzie wapi, na tutenge muda gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Shikeni barabara ya Dar es Salaam hadi Nangurukuru, kisha mkunje kulia kuelekea Kilwa Masoko, ambako hukatwa kibali kabla ya kupanda mashua.

Watu wengi huishia Gereza (ngome ya kale) na Msikiti Mkuu, kwa kuwa viko karibu na mahali pa kushukia. Ninakusihi usifanye hivyo. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, liko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, na lina vyumba zaidi ya 100 vya mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na birika la kuogea lenye pembe nane. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, enzi ya sultani huyo huyo. Wanafunzi wakisimama penye birika hilo wataelewa, kuliko kwa somo lolote la darasani, kwamba utajiri wa dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo, ulipita mikononi mwa watu wa pwani yetu hii.

Tengeni siku nzima, mbebe maji ya kunywa, na uwakataze watoto kabisa kupanda kuta, kwani chokaa ya kale humomonyoka upesi.