Uchaguzi nilioutabiri kwa daftari la madeni

Julai 2022 niliwekeana dau la kreti moja ya soda na jirani yangu fundi cherehani. Nilimwambia mwaka huu watu watatoka kupiga kura kwa hasira, foleni zitafika barabarani. Nina duka dogo Kisauni, Mombasa, na hoja yangu niliitoa kwenye daftari la madeni. Wateja waliozoea pakiti ya unga ya kilo 2 walikuwa wameshuka hadi nusu kilo ya kupima, kwa sababu pakiti ilishapita shilingi 200. Ukurasa wa mama mmoja anayeuza viazi karai hapo nje ulijaa mpaka nikawa naandika pembezoni.

Kreti nililipa mimi. Tarehe 9 Agosti waliopiga kura Mombasa walikuwa karibu asilimia 44 ya waliojiandikisha, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote Kenya.

Tangu hapo, duka likishafungwa usiku, nimekuwa nikichambua hesabu za uchaguzi ule. Wengine wanatazama mpira. Uchaguzi wa 2027 hauko mbali, na sisi wachambuzi wa barazani tumeshaanza kupigana maneno, kwa hiyo nawapa niliyojifunza kwa kukosea.

Kanuni ambayo kila mtu anaijua ni kwamba maisha yakiwa magumu, wapiga kura huiadhibu serikali. Sawa. Lakini kabla ya kuitumia jiulize: serikali ni nani? Mwaka ule William Ruto alikuwa naibu wa rais kwa muhula wa pili, na bado alizunguka nchi akiongea kama mpinzani, mtetezi wa mama mboga na bodaboda. Raila Odinga, mpinzani wa miaka mingi, tangu ile salamu ya mkono ya mapatano ya Machi 2018 alikuwa amesimama upande wa Rais Uhuru Kenyatta, na Uhuru akampigia debe waziwazi. Mtu mwenye hasira ya unga amwadhibu nani hapo? Tazama Kiambu, nyumbani kwa Uhuru mwenyewe: Ruto alichukua karibu robo tatu ya kura. Wengi kule walimwona Raila kama mgombea wa serikali, na naibu wa rais aliyekaa ndani ya serikali hiyo miaka tisa wakamwona mtu wa nje. Bei ya unga ilikuwa moja kwa wote. Aliyefaulu ni yule aliyewaambia watu mapema wamlaumu nani.

Sasa usikimbilie kusema uchumi ndio ulioamua kila kitu. Unga wa Siaya haukuwa rahisi kuliko wa Bomet, lakini Siaya Raila alipata zaidi ya asilimia 98, na Bomet Ruto akapita 90. Ngome ni ngome. Maeneo kama hayo hayakupi habari yoyote kuhusu bei, na ukiyachanganya kwenye hesabu yako yatakupotosha tu. Bei hufanya kazi pale ambapo watu wanayumba, au pale wanapoamua kama watatoka nyumbani ama watalala.

Hapo pa kulala ndipo mimi niliteleza. Wiki mbili baada ya uchaguzi nilimuuliza yule mama wa viazi karai kama alipiga kura. Alikuwa anachuja mafuta, hakuinua hata macho. “Mwanangu, nikikaa foleni mpaka saa tano, karai litawaka saa ngapi? Na deni lako nitalipa na nini?” Hasira alikuwa nayo, niliisikia kila asubuhi alipokuja kuchukua mafuta. Mimi nilidhani hasira humsukuma mtu kwenye kituo. Kumbe ugumu uliomfanya akasirike ndio huohuo uliomnyima asubuhi moja ya bure.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa: safu ya kwanza kusoma ni ya waliojiandikisha, kisha ya waliopiga. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Tofauti ni 233,211. Daftari la wapiga kura lilikuwa na watu 22,120,458, na karibu milioni 7.8 kati yao hawakupiga. Hao ni wengi kuliko waliomchagua rais. Na nyuma yao kuna wasiojiandikisha kabisa, ambao asilimia ya waliojitokeza haiwaoni: Oktoba 2021 tume ya uchaguzi ililenga wapiga kura wapya milioni 6, ikapata kama milioni 1.5.

Lakini nami nisiutwike unga kila mzigo. Siku moja kabla ya kura, uchaguzi wa gavana wa Mombasa uliahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na kasoro. Wagombea ugavana ndio huwa na magari na vijana wa kugonga milango, kwa hiyo lazima hilo liliwapunguza waliotoka. Nikataka kumaliza kesi hapo. Kisha nikatazama Kilifi, ng'ambo ya pili ya daraja la Mtwapa, ambako gavana alichaguliwa siku ileile kama kawaida, nikakuta nako waliopiga ni karibu nusu tu. Pwani ina uzito wake wa siku nyingi wa kutoka kupiga kura. Ukipata jibu linalokuridhisha, nenda kaunti ya jirani ulijaribu kwanza.

Kosa jingine la aibu: nilijumlisha asilimia za kaunti zote 47 nikagawa kwa 47, nikapata wastani usiolingana na wa taifa. Nilihangaika usiku mzima nikidhani nimegundua wizi. Mpwa wangu aliye chuoni alicheka. Lamu ina wapiga kura kama 80,000, Nairobi zaidi ya milioni 2.4, nami nimewapa uzito sawa! Jumlisha kura zenyewe, kisha tafuta asilimia.

Kuhusu takwimu za bei, Shirika la Kitaifa la Takwimu lilisema mfumuko wa Julai 2022 ni asilimia 8.3. Wateja wangu wangecheka. Ile 8.3 ni ya kapu lenye kila kitu, kodi ya nyumba, nauli, nguo. Chakula peke yake kilikuwa kimepanda kwa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, na mnunuzi wa unga wa kupima kapu lake karibu lote ni chakula. Tena wiki tatu kabla ya kura serikali ilitangaza pakiti ya kilo 2 iuzwe shilingi 100. Watu walikuja dukani wakiudai, na muuzaji wa jumla alikuwa hajaniletea mimi hata bunda moja. Sidhani tangazo lile lilimletea mtu kura Kisauni. Lililonifikia ni kushukiwa kwamba nimeuficha.

Jambo zuri la 2022 ni kwamba fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu azisome. Kila kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo ni kama kusoma mtaa kwa mtaa. Hata hivyo, fomu itakuambia mtaa ulipigaje, haitakuambia maskini wa mtaa huo walimpigia nani. Hilo utalijua kwa kuuliza watu, na wengine watakudanganya.

Siku hizi nimechora safu mpya kwenye daftari langu: siku mteja alipoacha pakiti akaanza kupimiwa, na siku aliporudi kwenye pakiti. Fundi cherehani ameshaniuliza kuhusu dau la 2027. Usiku wa matokeo nitaanza na ile shule ya mtaani kwetu, kituo kwa kituo, nihesabu kwanza ambao hawakuja.