Jibu: Watoto watengeneze zawadi gani kwa makopo na maboksi?

Dada, umeuliza wanao wa miaka 6 na 9 watengeneze nini likizo hii cha kumpa mtu, bila kununua vifaa. Mimi niko huku Igoma, Mwanza, na kilichofana kwangu ni drafti.

Kata boksi gumu, chora miraba 8 kwa 8, mkubwa apime kwa rula na mdogo apake mkaa miraba ya giza. Kete ni vizibo vya soda 24: 12 vinalala kifudifudi, 12 chali, hata rangi huhitaji. Wanangu walimpelekea mzee mmoja mlinzi wa jirani. Sasa kila jioni wanaitwa kucheza, na wanafungwa vibaya mno!

Gundi usinunue, koroga uji mzito wa muhogo. Ila anika juani mpaka ikauke kabisa, la sivyo mende watakula zawadi kabla ya mwenyewe.

La pili ni kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu, kwa bibi yeyote asiye na bomba. Osha dumu la mafuta la lita 5, toboa tundu kwa msumari wa moto (hapo ushike wewe, si mtoto), lining'inize kwenye mti, kisha kamba ishuke hadi kijiti cha kukanyagia. Chini mwaga kokoto, maana tope litakuwa balaa. Watoto wapambe dumu wanavyotaka. Langu liliandikwa "SHIKAMO BIBI", herufi moja imekosekana na bibi hataki irekebishwe.