Namba za kufuatana au UUID? Yaliyonikuta Kariakoo

Mkuu, umeuliza kama mfumo wako wa ankara uendelee na namba za kufuatana 1, 2, 3 au uhamie UUID, yaani kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu kisichojirudia. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Nilimtengenezea mfumo mfanyabiashara wa jumla pale Kariakoo. Mteja anatumiwa linki kwa SMS, mwishoni ina /ankara/1047. Siku moja mteja akafuta 7, akaweka 6. Ikafunguka ankara ya mwenye duka jirani yake: jina, namba ya simu, madumu ya mafuta aliyochukua na bei aliyopewa. Bei yenyewe ilikuwa ya chini kuliko yake. Akaja dukani simu mkononi, tajiri wangu akakosa la kumjibu. Mpaka leo inaniuma, maana kosa lilikuwa langu.

Na kosa kubwa halikuwa namba. Msimbo wangu ulikuwa unatoa ankara bila kuuliza anayeifungua ni nani. Anza na hapo. Hata ukiweka UUID, linki zinatumwa WhatsApp, zinabaki kwenye historia ya brauza, kwa hiyo ukaguzi wa mwenye mali lazima uwepo.

Lakini namba za kufuatana zinaanika biashara pia. Aliyepata ankara 1047 Jumatatu na 1131 Ijumaa ameshajua umeuza mara ngapi. Katika Vita Kuu ya Pili, wanatakwimu wa upande wa Washirika walikadiria idadi ya vifaru vya Ujerumani kwa kusoma namba za mfululizo kwenye vifaru walivyoteka.

Kwa haraka nikakimbilia uniqid, amri ya lugha ya PHP ya kutengeneza kitambulisho. Usifanye hivyo: ile ni saa ya seva tu iliyoandikwa kwa herufi na tarakimu, inakisika. Tumia random_bytes, amri ya PHP inayotoa data ya nasibu isiyokisika, au UUID toleo la 4, yenye biti 122 za nasibu.

Kisha nikaifanya hiyo UUID kuwa ufunguo mkuu wa tebo (safu inayotambulisha kila rekodi), nikaihifadhi kama maandishi ya herufi 36. Kwenye hifadhidata ya MySQL, InnoDB (sehemu yake inayohifadhi data) hupanga rekodi kwa kufuata ufunguo mkuu, basi kila ankara mpya ikawa inachomekwa katikati ya zilizopo, kurasa za kuhifadhia data zinagawanyika, na kila indeksi nyingine (orodha ya kutafutia rekodi haraka) inabeba nakala ya herufi zile zote. Tebo ikavimba, ripoti ya jioni ikawa nzito.

Nilichobaki nacho: ndani BIGINT (namba nzima kubwa) ya kufuatana, haionekani nje kamwe, pembeni safu ya BINARY(16), yaani UUID ya nasibu iliyohifadhiwa kwa baiti 16 badala ya herufi 36, yenye indeksi ya kipekee, hiyo ndiyo inaingia kwenye linki. Ukitaka ufunguo mmoja tu, iko UUID toleo la 7 (kiwango cha intaneti RFC 9562, Mei 2024). Inaanza na biti 48 za muda, kwa hiyo inajipanga vizuri, ila inaonyesha rekodi iliundwa lini.

Karatasini acha namba fupi ya kila duka, mteja anayepiga simu hawezi kukusomea herufi 36. Hakikisha tu namba hiyo haifungui ukurasa wowote.