Mkuu, usitume hiyo hela: rudi Njombe peke yako kwanza

Mkuu, usitume hiyo hela. Bandiko lako nimelisoma, nikapita, nikashindwa, nikarudi. Unauliza kama ni kweli watu wa mikoani wana utu kuliko watu wa Dar, kodi ya nyumba Njombe mjini ikoje, shule za watoto, mtandao, na baridi ya mwezi wa saba. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, unasema umempata mzee mmoja wa roho nyeupe aliyekupokea kwake, mke wake akakupikia, ukaondoka na gunia la viazi, na wiki ijayo unamtumia nusu ya hela ya shamba la parachichi kwa sababu "huku si Dar, watu wanaaminiana".

Maneno hayo niliyasema na mimi. Yalinila zaidi ya milioni sita, na juu yake shamba la miti ya mbao niliyokuwa nimeshaipanda na kuipalilia.

Nianze na swali lako la utu, maana balaa lote linatokea hapo. Ndiyo, mikoani utasalimiwa. Ukishuka Makambako, mtu usiyemjua atakuuliza habari za safari, atauliza unatokea wapi, na hataridhika mpaka aulize umefikia kwa nani. Dar ukimsalimia mtu wa pembeni yako kwenye mwendokasi, mkono wake unakwenda kwanza kwenye mfuko wa simu. Hiyo tofauti ipo na sitaikataa. Sensa ya 2022 ilikuta Dar ina watu zaidi ya milioni tano, na Mkoa mzima wa Njombe haufiki milioni moja. Mtu wa Dar akianza kumwuliza kila anayepishana naye habari za nyumbani kwao, hafiki kazini.

Ila lile swali la umefikia kwa nani, mkuu, lishike sana. Mimi nililiona ni uchangamfu tu. Nikijibu kwa fahari, nimefikia kwa mzee fulani, wanaitikia "aaah, sawa", wananikaribisha ulanzi, ile pombe ya mianzi, maongezi yanahamia kwenye mvua na bei ya mbolea. Nikadhani nimeshakubalika kijiji kizima. Kumbe nimeshawekwa mahali pangu: mgeni wa fulani. Na mgeni wa fulani haingiliwi. Shughuli zake na mwenyeji wake ni zao wawili. Jirani atakusalimia asubuhi na jioni, atakuletea mahindi ya kuchoma, na atakaa kimya anapokuona unapimiwa ardhi ambayo yeye anajua si ya huyo anayekupimia. Kwake, kuropoka mbele ya mgeni wa mwenzake ni utovu wa adabu, na yeye ndiye atakayebaki na uhasama wakati wewe umesharudi Dar.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Mwenyeji wangu nilimpata kwenye nyumba ya wageni. Alinichangamkia kabla hata sijaweka begi chini. Kwake nilikula, nililala, nilibebeshwa viazi kama wewe. Wanawe waliniita baba mdogo. Akanionyesha eneo zuri, udongo mwekundu, mteremko kidogo, mto chini. Tukakubaliana bei. Nilipogusia suala la maandishi, akaitwa balozi wa nyumba kumi, likatolewa daftari la mtoto wa shule, ikaandikwa karatasi moja, tukasaini, balozi akasaini, tukala kuku. Nilikuwa na furaha ile ya kweli. Nikapiga simu nyumbani nikamwambia mke wangu tumepata ndugu.

Wakati huo sikujiuliza balozi wa nyumba kumi ni nani. Balozi ni mtu wa chama cha siasa. Hana mamlaka yoyote juu ya ardhi ya kijiji. Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na inasema wazi kwamba msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji. Ni kikao cha watu 15 hadi 25, wenye majina, kinachoandika muhtasari. Mimi sikuwahi kuwaona. Mwenyeji wangu alisema hao wanachelewesha mambo bure, na kwamba mwenyekiti ni shemeji yake, atamweleza.

Nikapanda. Msimu wa kwanza miti ilishika vizuri. Katikati ya shamba palikuwa na vichaka na mawe mawe. Niliuliza, nikaambiwa ni mawe tu, yasafishwe. Vijana wakafyeka, mistari ya miche ikapita juu yake.

Msimu uliofuata, palizi inaendelea, wakaja wazee wanne na mama mmoja mtu mzima. Hawakugomba. Walisalimia kwa utaratibu wote, habari za nyumbani, habari za kazi, kisha yule mama akaniomba nimfuate. Akanipeleka kwenye yale mawe. Akanionyesha babu yake amelala wapi, bibi yake wapi, na mtoto wa dada yake wapi. Nilikuwa nimepanda miti ya mbao juu ya makaburi ya watu. Mkuu, hela inauma lakini inapatikana tena. Hilo la makaburi mpaka leo nikilikumbuka usiku sipati usingizi.

Ile ardhi ilikuwa mahame. Kwenye Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ukoo wao ulihamishwa kwenda kwenye kijiji kipya, shamba la zamani likabaki nyuma. Hawakuliacha. Walimruhusu baba wa mwenyeji wangu alime mahindi, wakati huo majirani wote wakijua ni la nani. Mzee akafa, mtoto akaendelea kulima, miaka ikapita, na mtoto akaanza kuliita lake. Historia za namna hii zimejaa nchi hii. Ukiona pori zuri karibu na barabara lisilo na mwenyewe, mara nyingi mwenyewe yupo, anakaa kijiji cha tatu au yuko Mbagala anauza mkaa.

Tulikwenda kwenye usuluhishi. Karatasi yangu ya daftari ilisomwa mara moja ikawekwa pembeni, na hakuna aliyeigusa tena. Majirani wakaitwa mmoja mmoja, na wote, nakwambia wote, walisema lile ni eneo la ukoo ule. Wale wale waliokuwa wakinipa mahindi. Tulipotoka nje nilimfuata mama jirani wa mpakani, nikamwambia, mama, mbona hukuniambia? Hakuona aibu hata kidogo. Akasema, "Baba, hukuniuliza. Ulikuwa unakuja naye, unaondoka naye. Tulijua mmeelewana."

Nilimkasirikia kwa muda mrefu. Siku hizi simkasirikii tena. Nilipita mlangoni kwake msimu mzima na zaidi, nikamwamkia, akaitika, na sikuwahi kuketi kwake hata kwa dakika kumi nikiwa peke yangu.

Na usidhani mwenyeji wangu alikuwa tapeli wa kutoroka usiku. Yupo pale pale. Nikimkuta sokoni ananikumbatia, anauliza watoto, anaumia kweli kwamba simtembelei. Hela alipeleka kwenye ada na bati. Moyoni mwake anaamini lile shamba alistahili kuliuza kwa sababu amelilima maisha yake yote. Viazi alivyonipa alinipa kwa mapenzi, na nyumba yake ilikuwa wazi kwangu kwelikweli. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali, mkuu. Ungekutana na mhuni ungemtambua, wewe mtu wa Dar unawajua wahuni. Hapa unakutana na mtu mwema anayekuuzia kitu kisicho chake, na wema wake wote hauwezi kukifanya kiwe chake.

Sasa wale walionitia kwenye hili. Nilikuwa na mwenzangu kazini, mtu wa Dar kuliko bahari, hajawahi kulala nje ya Kibaha, ndiye aliyekuwa akinihubiria kila siku: nenda mikoani, kule watu hawajaharibika, neno la mtu ndiyo mkataba. Na nilipomwambia nataka kwanza nifike ofisi ya kijiji, akanizuia. Akasema ukianza kudai makaratasi mzee atajisikia vibaya, ataona umemletea tabia za mjini. Hiyo ndiyo sentensi iliyoniua. Wako pia hawa wa video za mitandaoni, wanasimama juu ya kilima upepo unapuliza, "ndugu zangu, ardhi bei chee, wenyeji waaminifu, karibuni sana", na chini wameweka namba ya simu ya kupokea malipo ya awali. Hawajawahi kuishi pale, hawajui hata jina la kitongoji. Wanauza ukarimu wa watu ambao hawajawaomba ruhusa. Watu wa vijijini wana shida zao, wana ugomvi wa mipaka, wana ndugu waliodhulumiana, wana akili za biashara kama mtu yeyote. Kuwageuza malaika ni kuwadharau, na ni kumtayarishia mgeni shimo.

Na hii habari ya kwamba Dar hakuna utu, mimi siikubali tena. Panda daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, limeshona. Aliyekaa atakupokea begi aweke mapajani kwake, atampakata mtoto wa mama asiyemjua, hakuna atakayesema karibu wala asante nyingi, ukifika unapewa mzigo wako unashuka. Nenda Kariakoo. Yule mwenye duka asiyekutazama usoni, akishakujua, anakupa mali kauli ya mamilioni uende ukauze mkoani urudi na hela. Jengo lilipoporomoka pale Kariakoo Novemba 2024, watu walichimba kifusi kwa mikono yao kuwatafuta wasiowajua. Manzese au Temeke mtu akifiwa, turubai linafungwa kabla ndugu hawajafika kutoka kwao. Na hao hao wa Dar wengi wao ni watu wa mikoa. Nenda stendi ya Magufuli wiki ya Krismasi uone wanavyogombania mabasi ya Moshi. Mtu hapotezi utu akipita Chalinze. Dar anauweka mfukoni mpaka akufahamu. Kijijini anakupa siku ya kwanza salamu na chakula, lakini siri ya ardhi anaiweka mfukoni vile vile mpaka akufahamu. Tofauti ni kwamba Dar unajua bado hujaaminiwa, kijijini unadhani tayari.

Kwa hiyo, hili moja tu nakuomba: rudi peke yako. Usimwage mzee, usimtukane, usimkimbie. Mwambie unakuja kukaa kidogo. Kisha siku moja toka bila yeye. Nenda kwa majirani wanne wanaopakana na lile shamba, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Usiende na swali mkononi kama karani wa sensa. Pale kwa Wabena anza na "kamwene", keti, kubali kikombe unachopewa. Waulize hali ya mazao. Waambie wewe ni nani, baba yako ni nani, kwenu wapi, unataka kufanya nini pale. Wakishakujua kama mtu na si kama mgeni wa fulani, ndipo uulize: mama, hili eneo zamani alikuwa analima nani? Usiulize ni la nani, utamweka pabaya. Uliza alikuwa analima nani, na kabla ya Operesheni palikuwa na nani. Halafu nyamaza usikilize. Akitazama pembeni akasema "sisi hatujui, mwulize mwenyeji wako", umeshapata jibu. Funga begi.

Kama msiba utatokea ukiwa pale, nenda, tena nenda mapema, ukakae na wanaume nje, uchange unachoweza. Pale utasikia zaidi ya mwaka mzima wa kuzungushwa mashambani.

Wakikwambia ni la mzee kweli, ndipo uende ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji akuandalie kikao, halmashauri ikae, wewe uwepo, mke wa mzee awepo na watoto wake wakubwa wawepo, majirani wa mipaka wasaini, upate nakala ya muhtasari yenye mhuri. Ukiuziwa ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji, mahakamani huna cha kushika. Mzee mwema hataumizwa na hilo. Mimi nimekuja kununua tena, eneo dogo, kijiji kingine, kwa mzee ambaye nilipotamka habari ya kikao alisema "hapo umenena, mwanangu" na akatangulia yeye ofisini. Huyo hakuwa mchangamfu hata kidogo. Alinipokea kwa salamu fupi akaendelea kunoa jembe.

Baridi ya Njombe haijawahi kumdhulumu mtu shamba, nunua koti. Hayo mengine wadau wengine watakujibu.

Umesema nusu ya hela unatuma wiki ijayo. Mpigie mzee leo, kwa heshima zote, mwambie hela utakuja nayo mwenyewe mbele ya kikao cha kijiji. Sikiliza atakachosema, kisha rudi hapa utuandikie alijibu nini.