Kwa nini mtoto wa Kisangani ana lugha nne na wa Dar ana moja

Mleta mada ameuliza kwa nini watoto wa Kisangani (kule Kongo), Nairobi na Bujumbura wanakua na lugha tatu nne mdomoni, wakati mtoto wa Dar es Salaam ana Kiswahili na Kiingereza cha darasani tu, hata kama baba ni Mhaya na mama ni Msukuma. Wachangiaji wengi wamejibu kwamba wenzetu wana kipaji cha lugha, au wanajali asili yao kuliko sisi. Sikubaliani. Mtoto hashiki lugha kwa sababu ameambiwa aipende. Anashika ile ambayo bila hiyo hapati anachokitaka, na akishapata moja inayomfikisha kila mahali, anaishia hapo. Kwa hiyo ukitaka kuuelewa mji wowote, uliza: kuna lugha moja inayotosha nyumbani, uani, sokoni, shuleni na kwenye ibada? Dar ipo. Kisangani haipo.

Kisangani iko pale ambapo meli zinazopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa hufika mwisho, maana mbele yake kuna maporomoko ya Boyoma. Kilingala kilipanda na meli hizo, pamoja na askari wa mkoloni na wafanyabiashara wa mtoni. Kiswahili kilitokea upande wa pili, mashariki, na misafara ya kina Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, ambaye mwaka 1887 alipewa hata ugavana wa eneo hilo chini ya dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Lugha mbili za mawasiliano zikakutana katika mji mmoja na hakuna iliyoimeza mwenzake. Chini yake kuna za wenyeji: Kilokele cha watu wa mto, Kikumu, Kigenya cha wavuvi wa maporomoko. Juu yake kuna Kifaransa cha shule na ofisi.

Sasa angalia inavyofanya kazi. Hata wazazi wa makabila mawili wakiamua kutumia Kiswahili nyumbani, mtoto akitoka nje anakutana na Kilingala kwenye muziki, kwa askari na kwa wenzake mtaani. Wakichagua Kilingala, Kiswahili atakikuta kwa jirani. Na kwa kuwa zote mbili si za kabila moja, hakuna anayechekwa kwa kuzitumia. Ndoa ya mchanganyiko, ambayo kwetu ndiyo inayoua vilugha vyote viwili kwa mpigo, kule inamwachia mtoto lugha mbili bila mtu kumfundisha.

Nairobi ni habari nyingine. Chukua ploti ya kawaida ya Eastlands, upande wa mashariki wa mji: vyumba kumi na kitu, bomba moja, vyoo viwili, na wapangaji Wakamba, Wajaluo, Wakisii na Wabukusu. Bombani watoto wanaongea Sheng, ile lugha ya mtaani inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na za makabila. Kwa mama mboga ni Kiswahili. Shuleni masomo ni kwa Kiingereza, na Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985. Mlango wa chumba ukifungwa, mama anagombeza kwa lugha ya kwao. Kila lugha ina kazi yake na hakuna inayoingilia kazi ya nyingine.

Kuna kitu ambacho Watanzania wengi hawakihesabu: redio. Tangu Kameme FM ianze kurusha kwa Kikuyu mwaka 2000, zimefuata nyingine kwa Kijaluo, Kikamba, Kiluhya na kadhalika. Mtoto wa mjini anasikia mpira, siasa na matangazo ya vifo kwa lugha ya bibi yake, tena ikisemwa na mtu mzima mwenye heshima zake. Kwetu kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, hivyo mtoto anajua tangu mdogo kwamba kilugha ni cha jikoni tu. Lakini tusiipambe Nairobi kupita kiasi. Kwenye mitaa ya wenye nacho, ambako kila nyumba ina geti lake, watoto wengi wamebaki na Kiingereza na Sheng, kwa sababu bomba la pamoja halipo na wazazi wamehamia Kiingereza.

Bujumbura nitaitaja kwa kifupi. Kirundi kinaeleweka nchi nzima, kwa hiyo ungetegemea kitoshe. Ila kuna Buyenzi, mtaa uliojengeka kwa wafanyabiashara na Waislamu, wengi wenye asili ya Kongo na Tanzania, na humo Kiswahili ndicho cha mtaani. Mtaa mmoja wenye wakazi waliobanana unaweza kuishikilia lugha hata mji mzima ukiwa na nyingine.

Dar, kazi zote zimekabidhiwa Kiswahili, na ilifanywa kwa makusudi. Tangu 1967 ndicho cha kufundishia shule za msingi za kawaida za serikali, darasa la kwanza mpaka la saba. Ndicho cha vikao vya chama, mahakama ya mwanzo, jeshi na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Ongeza uhamisho wa watumishi na wanafunzi wa bweni kupangiwa mikoa ya mbali. Matokeo yake Mmakonde na Msukuma wanaelewana bila mkalimani, na mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa sana ambalo majirani wanalitamani. Gharama yake ni kilugha.

Kwa mzazi wa Dar anayetaka mtoto apate kilugha, kazi yake ni kukitafutia kilugha nafasi ambayo Kiswahili hakiigusi. Anza na hesabu ya saa. Mtoto wa miaka minne yuko macho kama saa kumi na mbili kwa siku. Mzazi anayetoka na daladala ya alfajiri na kurudi saa mbili usiku anapata naye nusu saa, labda saa moja. Hapo huwezi kujenga lugha. Lazima kazi hiyo ibebwe na mtu anayeshinda na mtoto: bibi, shangazi, au dada wa kazi anayetoka kijijini kwenu, na umwambie wazi kwamba asimsemeshe Kiswahili. Wengi wanafanya kinyume, wanamkataza dada kuongea kilugha ili mtoto "asiharibike".

Chagueni kimoja, kile chenye msemaji anayekaa nyumbani. Anzeni kabla hajaanza kuongea. Mkianza akiwa na miaka minne atakuwa ameshazoea kwamba mama anaelewa Kiswahili. Hata mkiwahi, ataanza kujibu kwa Kiswahili akishapata marafiki, na hapo ndipo nyumba nyingi zinakata tamaa. Usimchape, usimcheke. Irudie sentensi yake kwa kilugha, kisha endelea na mazungumzo kwa kilugha hichohicho. Tena mpe kazi: leta ufunguo, kamwite babu, funika chungu. Salamu na kuhesabu mpaka kumi havisaidii, vinampa cha kuonyesha wageni tu.

Kifungua mimba ndiye mlango. Akianza shule na kurudi na Kiswahili, wadogo zake watakipata kwake na si kwenu. Ndiyo maana mkubwa anaongea, wa pili anaelewa, kitinda mimba hana kitu. Mzuieni mkubwa asiteleze na wadogo watafuata.

Likizo za Juni na Desemba zinasaidia kwa masharti. Ukiwapeleka watoto watatu pamoja, wataongea Kiswahili wao kwa wao mwezi mzima, na binamu zao wa kijijini watawajibu kwa Kiswahili hichohicho. Mpeleke mmoja peke yake, kwa bibi ambaye Kiswahili chake ni kidogo kweli.

Aliyeandika kwamba lugha mbili zinachelewesha mtoto kuongea aondoe hofu. Mtoto atachanganya maneno mwanzoni, na maneno yake katika kila lugha yanaweza kuwa machache, ila ukiyajumlisha hayupo nyuma ya wenzake. Kinachomrudisha nyuma ni wazazi kuacha lugha wanayoimudu na kumsemesha Kiingereza cha kubahatisha kwa sababu yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kiingereza mwachieni mwalimu, nyumbani semeni mnachokimudu.

Na kwa aliyeuliza kuhusu kijana wa miaka kumi na mitano anayeelewa lakini hasemi: huyo msingi anao tayari. Madarasa hayatamsaidia sana. Mweke mahali anapofanya kazi na wazee siku nzima, shambani, mnadani au dukani kwa mjomba, bila mtu wa kumtafsiria. Wiki za kwanza atajibu kwa neno mojamoja, na mwombeni mjomba asimhurumie kwa kuhamia Kiswahili.