Usigeuze jiwe hata moja: kwa anayekwenda Alpi kumtafuta Apolo

Usigeuze mawe. Umeandika kwamba mwezi wa sita utapanda Milima ya Alpi upande wa Ufaransa kumpiga picha kipepeo Apolo, ukauliza kama mwezi huo unafaa, ubebe lenzi gani, na kama ni kweli kwamba siku ya mawingu viwavi wake hupatikana kwa kugeuza mawe. Swali hilo la tatu limenitonesha kidonda, kwa sababu ushauri huo huo nilipewa na mwongoza watalii niliyemlipa kwa siku mbili, nami nikaufuata.

Tulikuwa kwenye mteremko wa mawe unaotazama kusini, palipoota vishada vya sedumu, ule mmea mfupi wenye majani manene yaliyojaa maji, ambao ndio chakula cha kiwavi huyo. Wingu lilikuwa limetanda na hakuna kilichoonekana. Mwongozaji akasema wamejificha chini, tugeuze, tukageuza. Nilipokuwa nikirudisha jiwe la nne au la tano mahali pake nilisikia kitu kikipasuka, sauti ndogo sana, na nilipoliinua tena nikakuta nyuzi chache za hariri zimeshikana na nyasi kavu, na katikati yake pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda ili ageuke kipepeo, ganda lake la kahawia likiwa limefunikwa na unga wa samawati, ubavu umebonyea na maji yanatoka. Unga ule ulibaki kwenye kidole changu.

Elewa nilichokiua. Apolo ana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Yai hutagwa wakati wa kiangazi, kiwavi hujiumba ndani yake na kukaa humo majira yote ya baridi, hutoka theluji inapoyeyuka, kisha hula kwa wiki nyingi, tena hasa jua linapowaka, ndipo ajifunge pupa chini miongoni mwa mawe. Pupa yule alikuwa ameshinda baridi, ndege na njaa, akabakiza hatua moja ya kuota mabawa, na hatua hiyo nikaikatiza mimi kwa jiwe lisilozidi ukubwa wa mkate.

Yule bwana alizijua njia zote za mlima ule na hakuteleza hata mara moja. Lakini hakunieleza kwamba kipepeo huyu analindwa na Agizo la Makazi la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992, linalokataza kumuua au kumsumbua kwa makusudi na kuharibu mayai yake. Mtu anayepokea fedha za wageni kwa ajili ya Apolo ana wajibu wa kulijua hilo kabla ya kufunga kamba za viatu vyake, na hadi leo sijamsamehe.

Fanya hivi: tafuta sedumu kwanza, kaa kando yake, ungoje jua. Kiwavi ni mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa ubavuni, na weusi huo humsaidia kufyonza joto, kwa hiyo mawe yakishapata moto atatoka mwenyewe kuota jua na kula, nawe utampiga picha bila kugusa kitu. Kukiwa na wingu, rudi ulikofikia. Siku ya mawingu haina picha, na hakuna jiwe litakaloibadilisha.

Kama unayemtaka ni kipepeo mwenyewe, mwenye mabawa meupe, madoa meusi na macho mekundu kwenye mabawa ya nyuma, huko juu sogeza safari hadi Julai, umsubiri kwenye maua ya zambarau anakofyonza mbochi. Ukimkaribia mno atayakunjua mabawa ghafla kukuonyesha yale macho, na kuyasugua kwa miguu hadi yatoe mlio wa kukwaruza. Hapo rudi nyuma. Na ukitembea, kanyaga njia au mwamba mtupu, kwa sababu pupa wengine hulala kwenye changarawe tu, bila jiwe la kuwafunika.